Siku Hamsini na Mbili Bila Kosa

Mheshimiwa Mkurugenzi, mwenye ofisi hii na mwenye hiki kipaza sauti ambacho nimeambiwa nisikiguse; Muuguzi Mkuu wa wodi ya watoto, ambaye kwangu mimi ungetajwa wa kwanza, ila nimeshikishwa karatasi ya kufuata; wakuu wa idara; wahandisi wa programu, mnaojenga vitu visivyoshikika na bado mnarudi nyumbani mmechoka kama wabeba zege; ndugu wageni waalikwa; na wewe, mjukuu wangu, uliyejificha nyuma ya shada la maua kana kwamba sikuoni: hamjambo nyote.

Kaeni. Kaeni vizuri, maana mimi sijazoea kusema kwa kifupi, na aliyepanga niongee kabla ya chakula alifanya kosa lake mwenyewe.

Karatasi niliyopewa ina mistari mitatu. Wa kwanza, niishukuru ofisi kwa niaba ya familia. Wa pili, niseme tumefurahia miaka saba ya kazi. Wa tatu, nimtakie mjukuu wangu kila la heri huko aendako. Nimeisoma mwenyewe. Niliishia darasa la nne, lakini herufi nazijua, mradi zinipitie polepole. Mstari wa kwanza nausema: asanteni. Wa pili ni kweli nusu. Wa tatu siwezi kuusema, kwa sababu huko aendako hakuna. Nilimuuliza, "Unakwenda wapi?" Akanijibu, "Nyumbani, bibi." Nyumbani ni kwangu. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia vitambaa, na paka asiyependa watu. Mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, mwenye vyeti na akili zake timamu, anaagwa kwa maua na soda ili aende akakae na paka?

Karatasi nimeikunja. Sasa naongea.

Wengi wenu mnakula naye mchana na bado hamjui vizuri anafanya nini. Siwalaumu, mimi mwenyewe ilibidi nielezwe. Siku alipopata kazi alikuja mbio, akanikuta nashona sare za wauguzi, akasema, "Bibi, nimeajiriwa kupima programu." Nikamuuliza hiyo programu inapimwa urefu au uzito. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Akanieleza kwamba wenzake wanatengeneza, na yeye anajaribu kuharibu walichotengeneza. Nikamwambia, "Kwa hiyo umesomeshwa miaka kumi na sita ili uajiriwe kuharibu vitu vya watu? Si ungebaki hapa uharibu cherehani yangu?" Akaacha kucheka. Akasema, "Naiharibu mimi, bibi, kabla haijaharibika mbele ya mgonjwa."

Hapo nikaweka mkasi chini. Kwa maana hiyo ndiyo kazi niliyomlea nayo bila kujua.

Nyumbani tunamwita Mbona. Hilo ndilo neno lililofuata baada ya mama na maji. Mbona siafu hawapotei njia? Mbona sare ya huyu nesi ina mfuko upande mmoja? Mbona babu anavua viatu kabla ya kugombana na wewe? Kuna siku nilimfukuza na rula kwa ajili ya maswali hayo, Mungu anisamehe, kisha nyinyi mkaja mkamwajiri kwa maswali yale yale.

Programu yenyewe mnaijua kuliko mimi. Muuguzi anaandika uzito wa mtoto na jina la dawa, nayo inamwambia avute kiasi gani kwenye bomba la sindano. Ni hesabu tu. Lakini ni hesabu ambayo jibu lake linaingia kwenye mshipa wa mtu mwenye umri wa miezi minane, ambaye hawezi kusema, "Samahani, naona mmezidisha."

Jumamosi moja Mbona alikuja na kompyuta, akaniweka mbele yake. "Bibi, leo wewe ni nesi. Andika uzito wa mtoto." Sikuwa na mtoto karibu, nikaandika wangu: themanini na nne. Programu ikakubali! Ikapiga hesabu ya dozi ya mtoto wa kilo themanini na nne bila hata kuuliza ni mtoto gani huyo na anakula nini. Mjukuu wangu alinibusu kwenye paji la uso, akaandika haraka haraka. Lile ni kosa namba mia mbili na kumi na moja katika orodha yenu, na ni la kwangu. Msilifute. Siku nikifa lisomwe.

Siku hiyo hiyo nikamuuliza, "Mkishamaliza kupima, mnaapa kwamba haitaharibika tena?" Akasema, "Hakuna mpimaji mkweli anayeapa hivyo, bibi. Tunachoweza kusema ni inakwenda muda gani kabla haijaanguka, ikianguka inachukua muda gani kuinuka, na inamwangukia nani." Nikamwambia, "Basi hiyo ndiyo hesabu niliyompigia babu yako kabla sijakubali kuolewa naye." Na alifaulu, marehemu. Katika miaka arobaini na moja alianguka mara mbili, mara zote mbili aliniangukia mimi, na mara zote mbili aliinuka mwenyewe akaja kuomba radhi. Ni wangapi kati yenu mna programu ya namna hiyo?

Mnacheka. Vizuri. Sasa tuje kwenye ubao.

Pale mlangoni mlitundika ubao mweupe. Juu uliandikwa SIKU BILA KOSA, na chini yake namba. Kila siku ambayo hospitali haikuleta malalamiko, namba ilipanda. Yakija malalamiko, namba ilirudi sifuri. Si wazo baya. Apandaye kilima anataka kujua ameacha hatua ngapi nyuma. Kumi, ishirini, thelathini. Watu wakaanza kuingia asubuhi wakiutazama ubao kabla ya kusalimiana. Arobaini. Siku ya hamsini Mkurugenzi alileta keki iliyoandikwa hamsini kwa sukari ya rangi, mkapigwa picha, na mjukuu wangu, kwa kuwa ndiye mkuu wa upimaji, akatia saini kwamba toleo jipya limepimwa na linafaa kupelekwa wodi zote.

Siku ya hamsini na mbili, saa nne asubuhi, yakatokea ya kutokea. Muuguzi Mkuu, mimi nasema nilivyosikia kwako; nikipotosha, kohoa.

Kulikuwa na muuguzi aliyeazimwa kutoka wodi ya wazazi kwa sababu zamu ilikuwa na upungufu. Kitanda cha sita, mtoto wa kilo saba. Kidole kikamteleza, akaandika kumi na saba. Akaliona kosa lake, akarudi, akalisahihisha: saba. Skrini ikaonyesha saba. Lakini dozi iliyoandikwa chini yake ilibaki ile ya kilo kumi na saba, haikusogea, kama mpangaji aliyeambiwa ahame akabadilisha kibao cha mlango tu. Naye muuguzi, kwa utii wake, akavuta dawa kama alivyoelekezwa.

Muuguzi Mkuu alikuwa anapita amebeba mashuka. Akasimama. "Hilo bomba ni la nani?"

"La kitanda cha sita, sista."

"Kitanda cha sita ana kilo saba. Dawa yote hiyo ni ya nani?"

"Kompyuta ndiyo imesema, sista."

"Kompyuta haina mtoto. Weka chini."

Akaweka chini. Mtoto yule alirudi kwao siku nne baadaye, akimpiga mama yake mateke ya mbavu kama watoto wote wenye afya. Muuguzi Mkuu, simama watu wakuone. Simama, acha aibu. Mpigieni makofi nyinyi, mimi nimeshikilia meza.

Haya. Mchana ule ule Mbona alikwenda wodini, na mnadhani alikuta nini? Alikuta kwamba wauguzi wa kudumu wa wodi ile walilijua kosa hilo tangu zamani. Wiki tisa walikuwa wanaishi nalo! Walikuwa wamebandika karatasi pembeni ya skrini kwa plasta ya vidonda: UKISAHIHISHA UZITO USIAMINI DOZI. PIGA HESABU KWA PENSELI. Na penseli ilikuwepo, imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza ili isitembee. Asubuhi ile mfanya usafi, kwa nia njema kabisa, aliona karatasi imechafuka, akaibandua, akafuta kioo kikang'aa. Mgeni wa kutoka wodi nyingine angejuaje?

Mtaniuliza, na kwa nini wauguzi hawakulalamika? Walilalamika. Mara nne, mwanzoni. Fomu yenu ya malalamiko ina visanduku kumi na tisa, nimevihesabu kwa kidole. Cha kumi na moja kinataka namba iliyoandikwa nyuma ya mashine, kwa hiyo muuguzi avute meza, alale kifudifudi, amulike kwa tochi, na kitanda cha tatu mtoto analia. Akishamaliza visanduku vyote kumi na tisa, jibu linarudi na maneno mawili: mtumiaji amekosea.

Bwana wa fomu, usitazame viatu vyako. Najua una watoto wawili na najua hukulala vizuri siku zile. Mke wako ni mteja wangu. Na kweli mtumiaji alikosea! Aliandika kumi na saba badala ya saba. Lakini nionyeshe mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wasiokosea, na uniambie hao watu wanaishi mtaa gani, nihamie. Mimi nikishona suruali naacha upindo wa ziada ndani kwa sababu najua watu hunenepa. Sishoni suruali kisha nikamwandikia mteja: mvaaji amenenepa.

Basi wauguzi wakaacha kulalamika. Wakachukua penseli. Na siku ile walipoacha, ndiyo siku ubao wenu ulipoanza kupanda.

Mlikuwa mnapima nini, ndugu zangu? Mlidhani mnapima afya ya programu, kumbe mnapima uchovu wa wauguzi. Mlidhani hospitali imeridhika, kumbe imewakatia tamaa. Kuna mama humu ndani ambaye nyumba yake yenye watoto watatu ikinyamaza ghafla anakaa kitako akashukuru? Anainuka mbio kwenda kuona wanatafuna nini! Hilo mnalijua nyote mkiwa nyumbani. Kwa nini mkivuka mlango wa ofisi mnalisahau?

Mkurugenzi, nakuona unaangalia saa. Chakula hakina miguu, kitangoja.

Nawaambia alichofanya mjukuu wangu baada ya hapo, kwa sababu yeye hatawaambia. Wiki tatu alikaa wodini kwenye kiti cha plastiki, karibu na ndoo ya maji. Hakuhesabu malalamiko. Alihesabu kitu kimoja: katika zamu moja, muuguzi ameinua ile penseli mara ngapi. Siku ya kwanza, mara thelathini na moja. Kila penseli ilipoinuliwa aliuliza, kwa sauti ndogo, "Mbona umeichukua?" Akaandika jibu, akawaletea wahandisi. Wakarekebisha lile la uzito. Zikawa mara kumi na tisa. Kumbe kulikuwa na mengine: dawa mbili zenye majina yanayofanana zilikaa zimefuatana, na herufi zilikuwa ndogo kwa macho ya mtu aliyekesha. Wakarekebisha. Tisa. Nne. Juzi penseli iliinuliwa mara mbili, na moja ilikuwa kuandika namba ya simu ya fundi wa friji.

Ninyi wasomi mna vipimo vyenu na majina yake marefu, nami naviheshimu, mjukuu wangu ananisomea. Lakini nimeishi, na nawaambia: mtu anapoacha kuikagua kazi yako kwa siri, hapo ndipo umeaminiwa. Kabla ya hapo umevumiliwa tu.

Sasa. Kosa limepatikana. Kosa limerekebishwa. Mtoto mzima. Penseli imepumzika. Kwa nini basi tumekusanyika hapa kumuaga aliyelirekebisha?

Kwa sababu ya barua. Mjukuu wangu ameandika barua ya kurasa mbili kwamba saini iliyopitisha toleo lile ni yake, na kwa hiyo anaacha kazi. Mkurugenzi, wewe kwa umri ni sawa na mwanangu wa tatu, na huyo pia namsema mbele za watu, kwa hiyo usione vibaya. Barua uliipokea saa tatu asubuhi. Saa nne ulikuwa umeikubali. Hata chai ya chupa haipoi kwa saa moja! Sisemi wewe ni mtu mbaya. Mtu mbaya asingenipa kipaza sauti. Nasema barua ile ilikupa nafuu. Kosa likipata mtu wa kuondoka nalo, waliobaki hujiona wamepona. Yeye atatoka na boksi lake, nanyi kesho mtaanza kuhesabu upya, siku ya kwanza, siku ya pili, na mtaniambia mmejifunza. Mmejifunza nini? Mmetafuta tu ukimya mwingine.

Unataka kusema kitu? Subiri kidogo, mwanangu. Bado sijafika kwa mkosaji mkubwa.

Nyuma ya mlango wangu wa kazi kuna msumari. Nguo yoyote ikirudishwa na mteja, mshono umefumuka au kola imepinda, naitundika pale, na haishuki mpaka nijue kwa nini imerudi. Miaka thelathini na minane nafanya hivyo. Hao wasichana ninaowafundisha kushona wanauogopa msumari ule kuliko wanavyoniogopa mimi. Mwaka mmoja, zamani, msumari ulikaa mtupu miezi mitatu. Nikavimba kichwa. Nikawaambia wateja, "Tazameni, hakuna inayorudi!" Kisha siku moja nikakutana na mteja wangu wa miaka mingi, mwalimu mkuu wa shule, amevaa sketi ambayo si mkono wangu. Nikamuuliza. Akainama, akaniambia kwa adabu zake, "Mama, sindano yako siku hizi inaruka mishono. Nilikuona umefiwa, nikaona nisikuongezee maneno. Nikaenda kwingine." Walikuwa wengi. Walinihurumia wakaondoka kimya kimya, na mimi nimesimama mlangoni najisifia msumari. Tangu hapo, msumari ukikaa mtupu wiki mbili, navaa viatu naenda kwa wateja kuwakagua mishono wakiwa wamevaa. Wananiita kichaa. Niache niwe kichaa.

Hadithi hiyo Mbona anaijua tangu akiwa anakaa chini ya meza yangu akiokota vifungo. Ndiyo iliyomfanya awe alivyo.

Nimemsema Mkurugenzi. Nimemsema bwana wa fomu. Wauguzi nao nawasema, msijifiche nyuma ya makofi mliyompigia mkuu wenu: penseli yenu iliwaokoa watoto wa zamu yenu, ikamwacha wa zamu ya mgeni. Nani bado sijamsema?

Nipeni maji.

Asubuhi ya siku ya hamsini, kabla hajaja huku kwenye keki, mimi na mjukuu wangu tulikunywa chai. Alikuwa anakoroga kikombe ambacho hakijatiwa sukari. Akaniambia, "Bibi, siku hamsini. Mbona kimya hivi? Kabla sijasaini, nataka niombe siku moja tu niende wodini nikaone." Swali hilo. Swali lile lile ambalo ningelijibu vizuri mimi, mwenye msumari, kuliko mtu yeyote duniani. Na mimi nilimjibu nini? Nilimwambia, "Wewe nawe! Watu wanakukatia keki, unatafuta nzi ndani yake. Usiwe mbishi. Saini, upigwe picha, niitundike ukutani majirani waione." Akacheka kidogo. Akaja akasaini.

Nilitaka picha. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine ya heshima zaidi. Nimeshona sare za wasomi maisha yangu yote nikiwa nimepiga magoti na pini mdomoni, na nilitaka picha ya msomi wa kwangu.

Picha ninayo. Na mtoto wa kilo saba karibu azimike kwa ajili yake.

Katika kurasa zile mbili hakunitaja. Nimezisoma mara tatu, polepole, herufi kwa herufi, nikitafuta neno "bibi." Halimo. Alilichukua la kwangu akaliweka chini ya la kwake, ili likibebwa lisionekane. Mnaona mtu mliyekuwa mnamuaga?

Mbona, mama yangu. Toa hayo maua usoni. Nakuambia mbele ya wakubwa zako, kwa sababu kosa lililofanywa kwa majivuno haliombewi radhi jikoni: nilikukosea. Uliniuliza, nami nikakufunga mdomo. Nilikulea uulize, kisha siku swali lako lilipokuwa zito kuliko yote nikakuambia usiwe mbishi. Nisamehe. Usilie, utaniliza, na mimi nikilia naonekana vibaya.

Mkurugenzi, ile barua iko kwenye jalada mbele yako. Naiomba. Siyo kuichana, mimi si mtu wa maigizo. Nipe tu. Asante.

Shika, Mbona. Sikuombi ubaki. Una haki ya kuondoka mahali popote, na mlango wangu unaujua, na paka atazoea. Nakuomba jambo moja la kazi yako. Ukurasa wa kwanza, mstari wa nne, umeandika: "Kosa hili ni langu peke yangu." Peke yangu. Hicho ni kipimo. Nani alikipima? Ulihesabu visanduku vya fomu? Ulihesabu keki? Ulihesabu penseli zilizonyamaza, na kikombe cha chai cha asubuhi ile? Wewe usiyekubali namba ya mtu yeyote bila kuuliza imetoka wapi, umewezaje kutia saini mara ya pili kwenye kitu ambacho hukukipima? Kama barua hii ni kweli, mrudishie Mkurugenzi, nami nitasoma ule mstari wa tatu kwa sauti na tutakula. Kama si kweli, basi unajua kitu kisicho kweli kinafanywa nini hapa ofisini. Hakipitishwi.

Mnangoja nini? Msimwangalie hivyo, mpeni nafasi asome.

Anasoma.

Sema kwa sauti, mama, huku nyuma hawasikii. Haya, ngoja niwarudilie: anamuuliza Muuguzi Mkuu, "Kesho kuna wauguzi wageni wanaoletwa wodini?" Na Muuguzi Mkuu anajibu kwamba wapo, watatu, na zamu inaanza saa moja asubuhi. Na yeye anasema, "Nitafika saa kumi na mbili na nusu. Nataka niwaone wakiishika kwa mara ya kwanza, kabla hawajafundishwa kuvumilia."

Mkurugenzi, umesikia? Unatikisa kichwa cha kukubali au shingo inakuuma? Kukubali. Vizuri. Basi mwambie yule bwana wa fomu naye afike saa hiyo hiyo, akae kwenye kiti cha plastiki, ajaze visanduku vyake kumi na tisa akiwa amembeba mtoto.

Mheshimiwa Mkurugenzi, Muuguzi Mkuu, ndugu wageni waalikwa: mlikuja kuaga, na hakuna anayeondoka. Kuleni hata hivyo. Waliopika hawana kosa. Mimi naomba mtu mwenye gari anirudishe mapema, kwa sababu kesho nina mtu wa kumwamsha saa kumi na moja alfajiri, na huyu tangu utoto kumwamsha ni kazi ya watu wawili, na mwenzangu wa kazi hiyo alishatangulia.

Asanteni kwa kunivumilia mdomo wangu.